Masizi Kwenye Kikombe cha Wariara

Mutindi alikuwa amelala sakafuni mwa seli kwa siku nne, na katika siku hizo nne mtoto ambaye yeye alidaiwa kumtilia sumu alikuwa amezidi kuumwa. Katika kituo kizima cha polisi cha Kathuva hakuna mtu aliyeyaweka mambo hayo mawili pamoja akajiuliza.

Inspekta Nthenya Kisilu alijiuliza kabla hajaketi. Alikuwa ametumwa kutoka Kitui asubuhi hiyo ya Jumamosi, Agosti 1988, aje kutia sahihi faili lililokwisha tayarishwa. Aliusoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama, kofia bado kichwani. Alipofika wa pili alivua kofia akaibwaga mezani. Ukurasa wa tatu haukuwepo.

"Sajenti, hii ndiyo faili yote?"

"Ndiyo, afande," alisema Sajenti Karanja, mkuu wa kituo hicho kidogo. "Hiyo kesi imeisha. Jumatatu tunampeleka kotini. Kujaribu kuua."

"Na mtoto yuko wapi?"

"Hospitali ya misheni, hapo juu. Hali ni mbaya. Jana usiku ametapika na kuendesha mpaka sista akafikiri anaenda."

"Jana usiku Mutindi alikuwa wapi?"

Sajenti aligeuka kuutazama mlango wa seli, ambao haukuwa mbali na kiti chake. "Hapa."

"Na juzi?"

"Hapa, afande."

"Sasa anamtilia sumu kwa simu?"

Sajenti alifikiri. Ilionekana kwamba hilo lilikuwa jambo jipya kwake. "Labda ana mwenzake huko hospitali. Hawa watu wa sumu hawakosi wenzao."

Mezani, karibu na faili, palikuwa na sahani ya mandazi yaliyofunikwa kwa gazeti. Makombo yalikuwa yamefika hadi kwenye stetimenti ya mshitakiwa. Hakuhitaji kuuliza yametoka wapi. Mandazi ya Kathuva yalipikwa katika hoteli moja tu, ya Gicheru Kinuthia, na Gicheru, baba wa mtoto, ndiye aliyekuwa mlalamikaji.

Stetimenti yenyewe ilikuwa na mistari tisa na alama ya dole gumba. Mutindi, mjane, umri wa miaka hamsini na miwili, mzaliwa wa Ikutha, mpishi nyumbani kwa Gicheru. Aliulizwa alitia nini kwenye kikombe cha mtoto: hakujibu. Aliulizwa kwa nini alimwaga chakula cha mtoto: hakujibu. Basi. Mtoto anaumwa tumbo miezi miwili, na hakuna askari aliyeuliza mtoto huyo anakula nini.

"Kielelezo kiko wapi?"

Sajenti alifungua droo, akatoa kikombe cha bati kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Chini ya kikombe palikuwa na chembe nyeusi zilizokauka. "Mama mtoto ndiye alikiona. Nairobi watapima. Wamesema wiki tatu."

Nthenya alizisugua chembe mbili kati ya vidole, akazinusa. Zilipaka vidole weusi laini, na zilikuwa na harufu ya moshi.

"Haya ni masizi, Sajenti. Umewahi kukaa jikoni?"

Nthenya alikichukua kikombe, akachukua na faili, akaenda kumwona Gicheru.

* * *

Gicheru Kinuthia alikuwa mtu mrefu, wa sauti ya kuamrisha, aliyehamia Kathuva kutoka Limuru miaka kumi na tano nyuma na kuwafundisha watu wa soko hilo kula mkate. Duka lilikuwa lake, hoteli ilikuwa yake, na kanisani alikaa kiti cha mbele. Alimpokea Inspekta kwa heshima, lakini macho yake yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala.

"Mimi si mtu wa kuamini uchawi, madam," alisema. "Mimi naamini daktari. Daktari wa Nairobi alisema Wariara ana ugonjwa wa ngano. Mtoto ana miaka tisa. Tumemtibu minyoo mara tano, kumbe ni ngano! Mimi nauza mkate, na mtoto wangu mkate ni sumu kwake."

"Ukafanya nini?"

"Njoo uone."

Alimpeleka nyuma ya nyumba, kwenye jiko dogo la mabati lenye kufuli. Lilikuwa limejengwa Februari, mara tu waliporudi kutoka Nairobi, kwa ajili ya chakula cha Wariara peke yake. Sufuria mpya, vijiko vipya, kinu kipya. Nthenya alipitisha kidole juu ya kila rafu. Alikung'uta ungo. Alitia mkono ndani ya mtungi wa mahindi hadi kiwiko, akautoa na kuutazama chini ya mwanga. Mahindi, mbaazi, kunde, ndizi, mayai, chumvi. Hapakuwa na unga wa ngano hata wa kujaza ukucha.

"Unga wake wa uji unasagwa wapi? Kwa mashine ya posho?"

"Hapana. Mashine inasaga vitu vya kila mtu. Mutindi anatwanga kwa kinu."

Mlango huo wa ngano nao ulikuwa umefungwa. Nthenya alitoa daftari. "Nipe miezi."

"Februari tuliacha ngano. Pasaka ikafika, mtoto ana mashavu! Aliimba kanisani. Watu walilia. Halafu Juni, tena. Tumbo linavimba, anaendesha, anatapika. Nikajua kuna mtu anampa ngano kwa siri, au kitu kibaya kuliko ngano. Na aliyeshika chakula ni mmoja."

"Mutindi angemfanyia hivyo kwa nini?"

"Tuligombana. Aliomba ruhusa aende kwao Ikutha wiki mbili, nikamnyima. Akanuna."

"Lini?"

"Julai. Katikati ya Julai."

"Mtoto alianza kuumwa Juni."

Gicheru alihesabu miezi kwa vidole.

"Kwa hivyo mama huyu alilipiza kisasi mwezi mmoja kabla ya kukosewa," alisema Nthenya, na safari hii hakujisumbua kuificha hasira. "Ulimwambia Sajenti tarehe hizo?"

"Hakuniuliza tarehe."

Ng'ombe alilia nyuma ya ua. Uso wa Gicheru ulilainika kwa mara ya kwanza. "Huyo ni wa gredi, wa maziwa mengi. Nilimleta kwa lori kutoka kwetu, amezaa mwisho wa Mei. Kathuva hii hakuna mwingine. Ni wa Wariara huyo. Mtoto asiyekula mkate atapata wapi nguvu? Nakamua mimi mwenyewe, nayapima mimi mwenyewe. Glasi mbili asubuhi, mbili jioni, na siku akiumwa sana naongeza."

Nthenya aliandika, lakini akili yake ilikuwa imeshatangulia kwenye mlango mdogo pembeni mwa jiko. "Hapo analala nani?"

Kilikuwa chumba cha Mutindi. Kitanda cha kamba, Biblia ya Kikamba, leso iliyotundikwa kwenye msumari. Chini ya kitanda palikuwa na gunia la unga wa ngano, la kitambaa, chapa ya kampuni imefifia lakini bado inasomeka. Lilikuwa limejaa mbaazi. Nthenya alichomeka vidole kwenye mshono na vikatoka na vumbi jeupe.

Mbaazi za mtoto zimewekwa ndani ya gunia la ngano! Hakuna sumu, hakuna uchawi, ni uzembe wa jikoni tu, na kesi imekwisha kabla ya saa sita. Alilibeba gunia mwenyewe. Kando yake palikuwa na kibuyu kirefu kilichozibwa kwa kitambaa safi. Alikichukua nacho, ingawa hakukitilia maanani.

* * *

Mutindi alitolewa seli, akaketishwa kwenye benchi la baraza. Alikuwa mwembamba, na amejikunja kwa baridi ya simiti. Nthenya alimfukuza Sajenti hapo, akavuta kiti, wakazungumza Kikamba, naye akamwita Mwaitu, mama.

"Mwaitu, gunia hili ni lako?"

"Ni langu."

"Ni gunia la ngano. Mtoto ameambiwa asiguse ngano, na wewe unamwekea mbaazi humu. Tazama vumbi hili!"

Mutindi alilitazama vumbi kwenye kidole cha Inspekta. Kisha akamtazama Inspekta mwenyewe, kwa mshangao wa mtu anayemwona binti wa nyumbani akijifanya mgeni.

"Mwanangu, wewe ni wa wapi?"

"Mulango, huko Kitui."

"Na mama yako anaweka mbaazi bila majivu? Zikaliwe na fukusi?"

Nthenya alikipeleka kidole ulimini. Yalikuwa majivu. Majivu yale yale ambayo mama yake alichanganya na mbaazi kila mavuno, na yeye mwenyewe akatumwa kuyapepeta akiwa msichana. Alikifuta kidole haraka kwa aibu.

"Gunia hilo nililichemsha mara mbili," aliendelea Mutindi. "Na mbaazi hizo ni zangu, za kupeleka nyumbani Ikutha. Za mtoto ziko mtungini."

Hata bila hayo, Nthenya alijua angepaswa kujishika mapema. Kwa siku nne Wariara hakuwa amekula mbaazi hata moja, na bado alikuwa akizidi kuumwa. Amefanya kosa lile lile la Sajenti: ameona kitu kwenye chumba cha mwanamke maskini, akakigeuza hatia. Majivu yamekuwa ngano, na masizi yamekuwa sumu. Alilisukuma gunia pembeni kwa mguu, akaanza upya kwa swali ambalo lingepaswa kuwa la kwanza.

"Mwaitu, Wariara anapenda kula nini?"

Mutindi alijifuta macho kwa upindo wa leso.

"Isyo," alisema. "Mahindi yaliyochemshwa na mbaazi, yakapondwa kidogo. Na kunde. Na yai. Hivyo vyote anakula na analala vizuri. Siku nne niko hapa na hakuna mtu ameniuliza hilo."

"Na kinachomwumiza ni nini?"

"Wewe unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe. Wewe ndiye ulikuwa na mtoto mchana kutwa."

"Maziwa."

Nthenya aliacha kuandika.

"Maziwa freshi ya yule ng'ombe," alisema Mutindi. "Akinywa tu, tumbo linaanza kunguruma, hata mimi niliyekaa mlangoni nalisikia. Bado uji haujaiva, ameshakimbia choo. Na wakati baba yake akienda Thika kuleta bidhaa, siku tatu, mimi simpi maziwa. Siku hizo tatu anacheza! Baba akirudi, maziwa yanarudi, na ugonjwa unarudi nayo."

"Ulimwambia baba yake?"

"Mara moja. Akaniambia, 'Mutindi, siku hizi wewe ni daktari?' Watu wa hoteli wakacheka. Sikusema tena."

"Ukafanya nini?"

Mutindi alikinyooshea kidole kibuyu. "Akinipa maziwa nimpelekee mtoto, nayatia humo. Yakikaa siku tatu yanalala, yanakuwa mgando. Yaliyolala nampa kidogo kwa kikombe, na tumbo linayakubali. Yanayozidi namwaga. Mama Wariara alinikuta siku moja nikimwaga."

Nthenya alikizibua kibuyu. Harufu ilimpiga mara moja, ya maziwa yaliyochacha na moshi. Ndani, ukuta wake ulikuwa mweusi. Alikuwa amekua na kibuyu kama hicho. Kinasafishwa kwa kijinga cha moto, kinatikiswa hadi kuta zinaungua kidogo, ndipo maziwa yanatiwa, na kila anayekunywa hubakiwa na chembe nyeusi chini ya kikombe. Alitoa kile kikombe cha bati kwenye mfuko, akakiweka kando ya kibuyu. Nairobi wachukue wiki tatu kupima. Yeye alikuwa ameshapima.

"Kwa nini hukumwambia Sajenti haya?"

"Aliyeuliza alikuwa amekaa na Gicheru benchi moja, wanakunywa chai. Na kweli nilimwaga maziwa ya mtu. Nilifikiri ndiyo sababu ya kufungwa."

* * *

Hospitali ya misheni ilikuwa na vitanda kumi na viwili na muuguzi mmoja wa zamu, Sista Kalunde, mwanamke mnene mwenye haraka. Wariara alilala kitanda cha dirishani, midomo imekauka, mikono myembamba juu ya blanketi. Mama yake, Kagure, alikuwa ameshika mguu wa mtoto kana kwamba ungeponyoka.

"Sista, anakula nini hapa?"

"Barua ya daktari inasema hakuna ngano, afande, na ngano haijaingia mdomoni mwake. Uji wa mahindi mtupu. Nimeupika kwa mkono wangu."

"Na nini tena?"

"Maziwa ya unga, yale ya msaada. Vikombe vinne. Na baba yake analeta chupa nyingine kutoka nyumbani."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili, saa sita, saa kumi, na saa mbili ya usiku."

"Unaandika akitapika au akienda choo?"

Sista alimwonyesha karatasi iliyoning'inia mguuni mwa kitanda. Nthenya alifungua daftari, akachora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja aliandika saa za maziwa, upande wa pili saa za choo na matapishi. Jumatano: maziwa saa mbili, choo saa tatu. Maziwa saa sita, choo saa saba kasorobo. Maziwa saa kumi, choo saa kumi na moja. Alhamisi vivyo hivyo. Ijumaa, siku ambayo baba alileta chupa mbili, matapishi na choo havikuhesabika. Aligeuza daftari ili Sista aone.

Sista Kalunde aliusoma ukurasa ule juu hadi chini. "Mungu wangu," alisema polepole. "Na mimi nimeandika zote kwa mkono wangu."

"Inawezekana?"

"Inawezekana sana. Tulifundishwa. Tumbo likiumizwa na ngano kwa miaka, linaweza kukataa maziwa pia, kwa muda. Si kila tumbo. Nilikuwa nasoma barua ya daktari, afande. Imesema ngano. Nikalinda mlango wa ngano."

Kila mtu alikuwa amelinda mlango wa ngano! Baba amejenga jiko zima, sista amepika uji kwa mkono wake, polisi wamemfunga mjane, na adui akapita mlango wa pili mara nne kwa siku, ndani ya glasi safi, huku akishangiliwa. Nthenya aliinama karibu na mto.

"Wariara, naitwa Nthenya. Wewe unafikiri ni kitu gani kinakuumiza?"

Mtoto alimtazama mama yake kwanza. "Maziwa ya baba," alinong'ona.

"Ulimwambia nani?"

"Susu Mutindi," alisema, akimwita bibi kwa Kikamba.

"Na baba?"

"Baba anafurahi nikimaliza kikombe."

Kagure alianza kulia bila sauti. "Nilimwona Mutindi akimwaga," alisema, "nikasema anamnyima mtoto. Lakini pia niliona mtoto ana nafuu wakati Baba Wariara yuko Thika. Niliona, madam. Nikanyamaza. Ningesema nini? Kwamba baba yake akirudi nyumbani ndiyo mtoto anaumwa?"

"Ndiyo," alisema Nthenya. "Ungesema hivyo hivyo."

Mlango ulifunguka. Gicheru aliingia na chupa ya chai mkononi, akawasalimia wote kwa kichwa, akaketi kando ya mwanawe. Alifungua kizibo. Aliyamimina maziwa kikombeni, moto, meupe, yana mvuke. Aliyapuliza kwa upole, akainua kichwa cha mtoto kwa mkono wa kushoto. Wariara alifumba macho na kufungua mdomo.

"Weka hicho kikombe chini."

Gicheru aligeuka. "Madam?"

"Kiweke chini, Bwana Gicheru. Hilo si ombi."

Alikiweka. Nthenya alimpa daftari, akamwonyesha upande huu na upande ule, saa kwa saa. Gicheru alikuwa mtu wa hesabu za duka, hakuhitaji kusomewa. Alifuata mistari kwa kidole hadi Ijumaa, na hapo kidole kikasimama.

"Ijumaa nilileta chupa mbili," alisema.

"Najua."

"Lakini kikombe! Kile kitu cheusi!"

Nthenya alichukua kibuyu alichokuja nacho, akamwekea magotini. "Nusa. Mama yako huko Limuru hakuwa na kibuyu?"

Gicheru alinusa. Alinusa tena, uso juu ya mdomo wa kibuyu.

"Alikuwa nacho," alisema mwishowe. "Tulikuwa tunapigania masizi ya chini."

"Basi ulijua. Ulijua tangu siku ya kwanza masizi ni kitu gani, lakini ukiyaona kwenye kikombe alichokishika Mutindi yanakuwa sumu."

Nthenya hakumpa nafasi ya kujibu. Alimgeukia Sista Kalunde. Kuanzia saa hiyo, maziwa ya aina yoyote yasiingie chumba hicho, na karatasi iendelee kuandikwa vilevile, saa kwa saa, mpaka Jumatatu asubuhi. Sista aliichukua chupa ya Gicheru akaenda kuimwaga nje mwenyewe, na hakuna aliyemkamata.

* * *

Jumamosi jioni Wariara alikwenda choo mara mbili. Usiku mara moja. Jumapili asubuhi mara moja, na baada ya hapo Sista aliandika sifuri, sifuri, sifuri, akizidisha ukubwa wa herufi kila mara. Jumapili alasiri mtoto alikunywa uji na maji yenye chumvi na sukari, vikakaa tumboni. Jumatatu alfajiri aliketi mwenyewe kitandani, akauliza kama kuna isyo.

Saa mbili asubuhi Landrova ya kumpeleka mshitakiwa kotini Kitui ilikuwa inanguruma mbele ya kituo. Nthenya alikuwa ameandika ukurasa wa tatu wa faili, na wa nne, na wa tano. Aliambatanisha karatasi ya hospitali, akaandika chini kwamba hakuna kosa lililotendeka, isipokuwa la kumfungia mtu asiye na hatia siku sita, na hilo alilitaja kwa jina la cheo cha aliyelitenda.

"Afande, hiyo nayo lazima iandikwe?" aliuliza Sajenti Karanja.

"Ndiyo lazima kuliko zote. Zima gari. Fungua seli. Na hii sahani ya mandazi mrudishie mwenyewe, yuko hapo nje."

Gicheru alikuwa amesimama kwenye ngazi, kofia mkononi. Mutindi alipotoka, akikunja macho kwa jua, Gicheru alimsogelea. Watu wa soko walikuwa wameanza kukusanyika, wale wale waliocheka hotelini, na waliosimama kutazama siku alipokamatwa.

"Mutindi, nisamehe," alisema Gicheru kwa sauti ya kusikika. "Nilimpa maziwa kwa sababu nampenda."

"Najua," alisema Mutindi. "Na mimi nilimnyima kwa sababu nampenda. Lakini aliyelala kwa simiti ni mimi."

Gicheru alitazama chini. "Rudi nyumbani. Mtoto anakuuliza. Jiko ni lako, hakuna mtu atakuingilia tena. Ng'ombe nitauza."

Mutindi alipokea gunia lake la mbaazi kutoka kwa askari, akalitia mgongoni, ukanda kwenye paji la uso. Alipokea kibuyu, akachungulia ndani, akakifuta mdomo kwa kitambaa.

"Mtoto nakwenda kumwona sasa hivi," alisema. "Huyo hakunikosea. Mbaazi hizi nilikuwa napeleka kwetu, lakini leo nitampikia yeye kwanza. Kwako sirudi, Gicheru. Na ng'ombe usimuuze. Mwenye makosa si ng'ombe."

Alishuka ngazi. Umati ulimpisha njia pande zote mbili, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumtazama usoni. Nthenya alivaa kofia yake, akampita Gicheru bila kumuaga, akamwambia dereva aache Landrova hapo hapo ilipo. Kisha akaharakisha mwendo kumfikia Mutindi, akamwomba ruhusa ya kumbebea kibuyu hadi hospitali.